Matundu Manane Chini ya Gari

Nilipostaafu ualimu, kila mtu alinishauri nifuge kuku. Mimi na kuku hatuelewani. Nikaenda ubavuni mwa nyumba yetu hapa Jomvu Kuu, nikalivua turubai gari la baba lililokuwa limelala miaka kumi na mmoja, nikasema hili ndilo nitakalofuga. Majirani walicheka. Mwanamke wa miaka sitini, mwalimu wa fizikia, kavaa dera na suruali ndani yake, kalala chali chini ya gari, miguu ndiyo inayoonekana. Niliwaacha wacheke.

Gari ni la Kifaransa, la milango minne, rangi ya maziwa. Baba alilinunua kwa bosi wake alipokuwa karani wa ghala bandarini. Lakini kabla ya ukarani baba alikuwa ameshafunzwa kazi ya nyumbani kwao, maana babu alikuwa fundi wa mashua, na wanawe wote walishika nyundo kabla ya kushika kalamu. Hilo naomba likumbukwe, kwa sababu ndilo lililotuletea balaa.

Tuliifanya kazi sisi wawili. Asubuhi baada ya chai mimi naingia chini, na baba, ambaye yuko themanini na kitu na magoti hayampi tena ruhusa ya kuinama, anakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya boneti, sanduku la spana mapajani. Nikisema kumi na tatu, mkono wake unashuka na kumi na tatu, hata hajaitazama. Tukijaribu injini, anainamisha kichwa kidogo, anasikiliza, halafu anasema, "Plagi ya tatu haichomi." Mimi nabisha. Nimesomesha habari za cheche na mwako zaidi ya miaka thelathini, siwezi kuambiwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Naifungua plagi ya tatu, naikuta nyeusi tititi. Iliniudhi kila mara.

Kabureta niliiosha kwa petroli hata vidole vikababuka. Mipira yake ilikuwa imekauka na kupasuka, na nikaitafuta miezi miwili kwenye vibanda vya vyuma chakavu kule Changamwe, ambako wauzaji walianza kuniita mama kabureta. Siku injini ilipowaka na kukaa bila kuzima, baba aliinuka kitini. Aliingia ndani, akaoga, akatoka na kanzu iliyopigwa pasi, na siku yenyewe ilikuwa Jumanne tu. Akakaa pembeni ya gari lake hadi adhuhuri, akiwajibu salamu wapitao.

Ikabaki sakafu.

Ni lazima niseme kuhusu sakafu ile. Watu wa Jomvu waliisikia habari yake miaka nenda, miaka rudi. Ukikaa barazani na baba, mvua ikaanza, utaambiwa tu: gari langu mimi haliingizi maji. Wenziwe walikuwa na magari mapya kuliko lake, wakipita kwenye dimbwi wananyanyua miguu. Yeye hapana. Kila mwaka kabla ya masika alilitengeneza kwa mkono wake, na fundi yeyote wa gereji alikatazwa kugusa chini. Baba si mtu wa kujisifu. Hilo moja ndilo alilojipa.

Nilimwita fundi wa kuchomelea, kijana mtu wa bara anayefanya kazi Changamwe. Akafungua viti, akashika zulia, akalivuta. Sakafu ikaja pamoja na zulia. Vipande vya kutu vilimwagika chini kama makoko ya wali, na pale palipokuwa na chuma pakabaki gamba moja gumu, la rangi ya meno ya mzee, limesimama peke yake. Chuma kilikuwa kimekwisha. Lile gamba lilikuwa zima.

"Mama, hii simiti aliweka nani?" fundi akauliza.

"Simiti wapi!" Baba alijibu kutoka kitini, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Hiyo ni deheni. Chokaa na mafuta ya mnyama, vyatwangwa pamoja mpaka vishikane. Ndiyo tupakayo mashua. Na hapo ndani pana pamba ya kalafati, ile ya kuzibia mianya ya mbao. Waliolitengeneza gari hili waliacha matundu manane chini. Manane! Sijui walikuwa na haraka gani. Nimeyaziba yote mimi, hata tone halijapita."

Nikaelewa papo hapo. Matundu yale hayakusahauliwa na mtu. Gari huachiwa matundu chini ili maji yanayoingia kwa milango, kwa mipira ya vioo, kwa miguu ya watu waliotoka mvuani, yapate pa kutokea. Baba aliyaona kwa macho ya nyumba aliyozaliwa, na katika nyumba hiyo tundu la chini lina maana moja tu, kuzama. Kwa hiyo maji ya nje hayakuingia kweli. Ya ndani ndiyo yalikaa, masika baada ya masika, chini ya zulia, yakila chuma taratibu.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwambia baadaye, tukiwa wawili. Lakini jua lilikuwa kali, sijanywa hata chai, na nilikuwa nikiitazama kazi ya miezi saba ikiwa haina pa kuwekea viti. Nikasema mbele ya yule kijana, "Baba, matundu hayo yaliwekwa kwa makusudi, maji yatoke. Wewe ndiye uliyeliua gari hili."

"Ala," akasema baba.

Akaliweka sanduku la spana juu ya boneti, akainuka, akakibeba kiti chake mwenyewe na kuingia nacho ndani.

Hakutoka tena kuja kwenye gari. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akajibu marahaba, akaulizia chai, yakaishia hapo. Siku tatu za mwanzo nilikasirika: mtu mzima ananuna kwa kuambiwa ukweli! Siku ya nne hasira ikanigeukia. Nimekaa darasani maisha yangu yote, na kama kuna kitu nilichokuwa makini nacho ni kutomtahayarisha mtoto mbele ya wenzake. Na baba yangu mwenyewe nikamtahayarisha mbele ya mtu asiyemjua. Niliona haya. Gari halikuwa na maana tena kwangu ikiwa baba hatalitazama.

Fundi alimaliza kuchomelea bati jipya, safi, limenyooka. Kisha akanyanyua drili na kuniuliza, "Mama, nitoboe wapi?"

Chini ya bati panapita bomba za breki na mihimili, na matundu lazima yakae pale maji yanapokusanyikia, si popote. Sakafu ya zamani ilikuwa kwenye gunia, unga mtupu. Nikaenda Changamwe kutafuta gari jingine la aina ile nipime. Nilikuta moja, nalo halina sakafu.

Alasiri ile niliingia chumbani kwa baba. Alikuwa akisikiliza redio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekukosea, baba. Naomba radhi."

Akapunguza sauti ya redio. "Yule fundi yupo?" akauliza.

"Hayupo. Ameenda kula."

"Basi akirudi, niite."

Nikafahamu anachotaka, na alikuwa na haki nacho. Fundi aliporudi nilimwita baba, akaja na kusimama mlangoni. Nikarudia maneno yale yale, kwa sauti, kijana akisikia: kwamba nilimkosea baba yangu adabu na kwamba naomba radhi. Kijana akatazama viatu vyake. Baba akasema radhi ninayo, akauliza kama mwalimu mstaafu bado ana chaki ndani ya nyumba. Nilikuwa nayo.

Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, akaunyoosha mkono juu ya bati na kufumba macho. Akapima kwa shibiri. Mbili kutoka mlangoni, kisha vidole vinne, alama. Akahamia upande wa pili, polepole, mimi nikimshika bega. "Hili lilikuwa kubwa," akasema pa tano, "likila pamba maradufu." Alitia alama nane. Fundi akatoboa yote, akalala chini na tochi kuangalia. Hakuna hata moja lililogusa bomba wala mhimili.

Baba akafuta chaki kwenye shuka aliyojifunga.

"Mara ya kwanza nilipoyaziba," akaniambia, "wewe ulikuwa umekuja likizo. Umeshaanza kusomesha. Ni nani aliyenishikia kopo la deheni?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikajiona nimechutama hapo hapo, digrii yangu ya fizikia haijatimiza hata mwaka, kopo mikononi, nikimpa pamba moja baada ya moja na kumsifu.

"Ni mimi, baba."

"Mwalimu wa fizikia," akamwambia fundi. Kijana akainama, akajifanya anakunja waya wa drili.

"Basi tumeliua sote wawili," akasema baba, akaninyooshea mkono nimwinue.