Ukungu wa Nunguni

Chuo kikuu kilinifunza kuhoji kila kitu. Basi nilipokuwa nikimpeleka binamu yangu Mwende kanisani kuolewa, kwa gari kuukuu la mjomba, mshale wa joto ukafika kwenye nyekundu. Nikauhoji mshale. Harufu ya kuungua nikaifungulia dirisha. Kisha weupe ukafunika kioo.

“Ni ukungu wa Nunguni,” nilieleza, mimi wa Kyuso, ambako hata wingu ni mgeni. “Hewa baridi ikipanda mlima…”

“Msomi,” shangazi akanikatiza kutoka kiti cha nyuma, “mbona yule mzee wa mkokoteni wa punda hapo kando hana ukungu?”

Nikasimama. Boneti ilifoka mvuke kama sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yakichemka. Mwende alishashuka, gauni kalikusanya, akimuuliza mzee kama punda wake anafika kanisani.