Mgema wa Gusa Ujue

Tadeo Kalinga sikumwajiri afundishe. Nilimwajiri alinde geti. Nasema hivyo mapema kwa sababu siku hizi watu wananipongeza eti nina jicho la kuona vipaji, na mimi siku ile sikuona kipaji chochote. Niliona mzee mfupi wa miaka hamsini na miwili, mikono yake imejaa makovu ya kisu, aliyesema hana shida na kuamka mapema. Nikamwonyesha geti, nikampa tochi na filimbi.

Shirika letu linaitwa Gusa Ujue. Ofisi yetu iko Iyunga, Mbeya, chumba kimoja juu ya duka la vipuri, na Iyunga ndiko nilikozaliwa na kukulia. Mwaka juzi bodi ilinituma Iringa nifungue kituo cha pili. Nikapata ghala la zamani la alizeti katika kijiji kimoja upande wa Tosamaganga, tukalipaka rangi, na kila Jumamosi watoto arobaini wa darasa la nne hadi la sita wakawa wanakuja kujifunza sayansi kwa kuishika. Hakuna kukariri. Ukitaka kujua udongo, unauchimba. Ukitaka kujua mdudu wa mtoni, unavua viatu unaingia.

Jumamosi ya tatu tulikuwa na somo la hamira. Kitabu chetu cha mwongozo kinasema changanya maji ya vuguvugu, sukari na hamira ndani ya chupa, vika puto mdomoni, subiri dakika ishirini, puto litasimama lenyewe kwa gesi. Tukasubiri ishirini. Tukasubiri arobaini. Puto likalala pale kama sikio la mbuzi. Watoto wa Kihehe wana adabu sana, hawakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliyecheka ni mlinzi wangu, ameweka kidevu dirishani.

"Dada Yudith, hiyo hamira yenu imeshakufa," alisema. "Nipe dakika kumi."

"Na geti?"

"Geti haliendi popote."

Akatoka mbio. Ndiyo, mbio, mzee mzima! Akarudi na kidumu cha maji meupe yenye povu, akamimina kwenye chupa, akavika puto, akarudi nyuma hatua moja na kukunja mikono. Puto lilianza kujikunjua. Likainua kichwa. Likasimama. Ghala zima lililipuka kwa kelele, na mimi, nakiri, nilipiga kelele kuliko wote.

Kwa asiyejua, yale yalikuwa maji ya mianzi. Msimu wa mvua, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, na chini yake huning'inizwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi cha kukingia matone. Mgema hupita asubuhi na jioni, anakata kipande kingine chembamba na kumimina kilichojaa. Maji ya asubuhi hiyohiyo ni togwa, matamu, hata watoto hunywa. Yakilala, yanachacha yenyewe bila kuongezwa kitu, yanakuwa ulanzi, na ulanzi ni pombe. Tadeo alifundishwa kugema na baba yake akiwa na miaka kumi na mmoja. Alimaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa yakabandikwa, lake halikuwepo, kesho yake akarudi kwenye mianzi. Alikuwa na vichaka themanini na vitatu, na mke wake, Mama Faustina, ndiye aliyeuza ulanzi.

Kuanzia siku ile sikuweza kumzuia. Kila Jumamosi alikuwa na jambo. Kwa nini nyuki wanakuja kwenye mbeta hii na si ile? Twendeni tukaone. Kwa nini mwanzi unadondosha zaidi alfajiri? Wekeni kipimajoto hapa. Akiuliza swali anatetemeka kwa hamu kabisa, kama yeye ndiye asiyelijua jibu, na mara nyingi alikuwa halijui kweli. Msichana mmoja wa darasa la tano, Devota, alijaza daftari mbili kwa mwezi mmoja. Watoto wakaacha kumwita mlinzi. Wakaanza kumwita Mwalimu Tadeo, na yeye kila akiitwa hivyo aligeuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake.

Habari hazikai. Mwezi wa tatu nikapigiwa simu kutoka Mbeya. Bodi imesikia kwamba kituo cha Iringa kina mlinzi anayefundisha watoto kwa pombe. Mwenyekiti wetu, Bi Asmaa, angekuja mwenyewe Jumamosi kuona. Asiporidhika, mzee anarudi getini na darasa linapewa mtu mwenye cheti.

Bi Asmaa ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Mbeya, babu zake walitoka pwani, na ni mtu anayeswali sala zake zote kwa wakati. Ana sauti ya chini, na hapendi kurudia neno mara mbili. Nilimwogopa tangu siku aliponifanyia usaili.

Tadeo nilipomweleza alifunga geti kwanza. Halafu akasema, "Dada Yudith, mimi darasa nalitaka. Sijawahi kutaka kitu hivi tangu yale majina yabandikwe." Alisema vilevile, wazi, ananiangalia machoni. Nikajua ni lazima lipatikane.

Basi nikaanza kupanga, na mimi nikianza kupanga, jitenge. Nikamtafutia koti jeupe. Nikamwambia asilete kidumu, kidumu kinanuka kilabu cha pombe, alete kwenye chupa safi za maji zenye lebo. Ijumaa jioni akazipanga mezani chupa kumi na mbili, vifuniko vimewekwa juu tu, havikukazwa, vingine amevitegea kijiti cha nyasi. Akaenda zake kugema. Mimi nikapita kukagua. Nikaona povu limechuruzika pembeni, nikaona nyasi, nikasikia harufu. Nikasema moyoni, huyu mzee kwa ulegevu atatuponza. Nikatupa nyasi zote, nikapangusa chupa moja moja, nikakaza vifuniko vyote kwa nguvu za mkono wangu. Zilipendeza.

Mtu yeyote aliyezaliwa Iringa angenishika mkono. Kwetu Iyunga hatugemi.

Jumamosi jua lilitoka kali baada ya mvua. Asubuhi tulitoa meza nje ili mgeni aone vizuri. Nusu ya chupa zilikuwa juani, nusu chini ya kivuli cha paa. Bi Asmaa akafika saa nne na baibui lake jeusi, akasalimiwa "Kamwene" na watoto arobaini kwa mpigo, akaitikia vizuri tu, nikaanza kupata matumaini. Tadeo alikuwa ndani ya koti jeupe, mikono haionekani, anagawa maputo.

Bi Asmaa akasogea mezani. Akachukua chupa ya mwisho, ile ya juani, akaibonyeza.

"Mbona ngumu hivi?" akauliza, na vidole vyake tayari viko kwenye kifuniko.

Tadeo akageuka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika haraka namna ile. "Mama, usifungue!"

Alikuwa ameshafungua. Kifuniko kiliruka juu ya bati, na ulanzi ukafuata, mweupe, wenye povu, ukampata usoni, kifuani, mikononi, baibui lote. Chupa ya pili ikapasuka yenyewe. Nilitamani ardhi inimeze na meza yangu.

Watoto nao? Hawakukimbia. Wakavamia meza! "Gesi! Gesi!" Wanabonyeza chupa, wanabishana, mmoja anavika puto kwenye chupa iliyofunguliwa. Devota akapaza sauti kuliko wote: "Hizi za kivulini ni laini! Shika uone! Za juani ngumu, za kivulini laini!" Tayari ameshatoa daftari.

Bi Asmaa alijifuta macho kwa kiganja. "Mzee Kalinga," akasema kwa ile sauti yake. "Hii ni pombe?"

Angeweza kusema ni togwa. Asingejua mtu. Nilimwomba kimoyomoyo aseme ni togwa.

"Ni ulanzi, mama. Wa jana. Jana asubuhi ulikuwa togwa, leo ni pombe. Watoto hawaunywi, wanautazama tu. Ila ni pombe, siwezi kukuongopea. Nisamehe sana."

"Na wewe mgema wa miaka yote hiyo, ukafunga chupa?"

Akaziangalia zile chupa zinazong'aa. Akaniangalia mimi, mara moja tu, akaelewa kila kitu. "Ni kosa langu, mama," akasema. "Kujua ni kazi yangu."

Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Akaenda zake getini.

Nikampeleka Bi Asmaa bombani na kanga yangu. Alinawa taratibu, mimi namwagia maji, na kila kata niliyomwaga ilinizidishia hasira dhidi ya nafsi yangu. Nikashindwa kuvumilia. "Bi Asmaa, chupa nimezifunga mimi. Yeye aliziacha wazi. Nilitaka tuonekane wasafi."

Alimaliza kunawa. Akajifunga kanga juu ya baibui lililolowa. "Kwa hiyo wewe mwenye digrii ndiye uliyefunga," akasema, "na yeye wa darasa la saba ndiye aliyeacha wazi."

"Ndiyo."

"Twende."

Tulimkuta Tadeo amekaa kwenye kigogo chake, mgongo umekata tamaa kabisa. Alisimama haraka. Bi Asmaa hakumpa pole wala hakumlaumu. Aliuliza: "Kwa nini ya juani ilikuwa ngumu na ya kivulini laini?"

"Joto, mama. Ulanzi ukipata joto unachacha mbio. Ukipata baridi unapunguza. Ndo maana mwezi wa nne ukiingia baridi hata—" Akasita.

"Endelea."

"Ah, mama, ni mambo ya mianzi tu."

"Nimetoka Mbeya saa kumi na moja alfajiri, Mzee Kalinga. Endelea."

Basi akaendelea, na kadiri alivyoendelea ndivyo mikono yake ilivyoanza kuruka hewani kama kawaida yake. Alisema mwaka mmoja, kijana bado, alitaka kujua kama ukikata mwanzi kwa kukilaza kisu unatoa maji mengi kuliko ukikata wima. Akachagua vichaka kumi akawa anavikata hivi, kumi vingine hivi, asubuhi na jioni, msimu mzima. Kila mbeta iliyojaa alitia punje ya mahindi kwenye kopo, kopo hili la hivi, kopo lile la hivi. Wenzake walidhani amerogwa. Mwisho wa mvua akamwaga makopo mawili mkekani, akahesabu na mke wake.

"Ikawaje?" Nilidhani ni Bi Asmaa aliyeuliza. Nilikuwa mimi. Miezi yote ile nilikaa naye, na hadithi hii sikuwahi kumuuliza.

"Sawasawa!" Tadeo akacheka mpaka akainama. "Tofauti punje tatu! Miezi minne nahangaika, kumbe kisu hakina maana yoyote! Lakini nilifurahi, mama. Nilifurahi siku ile kama nimeoa tena. Maana sasa nilikuwa najua."

Bi Asmaa hakucheka. "Ulimwambia nani?"

"Nani angetaka kusikia?"

Nilimwona mwenyekiti wetu akiinama na kurekebisha kanga ambayo haikuwa na tatizo lolote. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji, na safari hii si ulanzi.

"Wa jana sitaki kuuona mezani kwa watoto tena," akasema. "Togwa ya asubuhi, sawa. Ikianza kuchacha, wameshamaliza somo, unamwaga. Mezani nitaleta mizani kutoka dukani kwangu, punje za mahindi zinaliwa na panya. Na mwezi ujao utakuja Iyunga uwafundishe walimu wetu. Hao wenye vyeti."



Huko mezani kelele zilikuwa zimezidi. Watoto wameanza jaribio lao wenyewe, Devota anatoa amri, na mtu anaita, "Mwalimu! Mwalimu Tadeo! Hii nayo imesimama!" Safari hii hakugeuka kuangalia nyuma.

Hapohapo pikipiki iliyoleta chakula cha wageni ikapiga honi nje. Tadeo, kwa mazoea, akaruka kushika komeo la geti. Bi Asmaa akamtangulia. Mwenyekiti wa bodi ya Gusa Ujue, na kanga yangu kiunoni, na harufu ya kilabu kizima mwilini, akavuta komeo kwa mikono miwili na kulisukuma geti mpaka mwisho.

"Wewe nenda, mwalimu," akamwambia. "Watoto wanakuita."

Akaenda mbio. Alikuwa ameanza kufundisha kabla hajafika mezani.