Niliiua treni ya Baba, nikamwacha ajilaumu

Ndugu zangu, kosa ni langu. Simsingizii shetani, wala sisingizii utoto. Nina miaka thelathini na minane na akili zangu timamu. Mbele ya padri nimeshindwa kufungua mdomo, ndiyo maana nawaandikia nyinyi msionijua.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa almasi, huku kwetu Songwa. Alipostaafu hakununua ng'ombe kama wenzake. Alitengeneza treni! Treni ndogo ya mvuke, ya kweli kabisa, inayokula mkaa na kunywa maji, urefu wake kama mbuzi aliyelala. Boila, lile tangi la kuchemshia maji, aliiunda kwa bomba nene la shaba, akailehemu mwenyewe miezi na miezi. Reli zake ziliachana shubiri moja tu, zikazunguka nyumba, zikapita nyuma ya choo.

Tulimcheka. Lakini kila Jumapili baada ya misa majirani walijaa uani, naye Baba kakaa kwenye kitoroli nyuma ya injini, magoti karibu yaguse masikio, anapiga honi! Tangu Mama afariki, sikumwona akicheka ila siku hizo.

Sharti lake lilikuwa moja: treni inywe maji ya mvua tu. Maji ya kisima chetu yana chumvi, ukiyachemsha yanaacha ukoko mweupe kwenye birika. Basi alikinga mvua kwenye pipa la bluu, akanikabidhi mimi.

"Ng'wana wane, mwanangu," aliniambia, "kwenye pipa hili usichote hata kikombe."

Nilitii, mpaka kiangazi kile binamu yangu alipokuwa anaolewa. Nilipewa sare za kufua, nyeupe tupu! Na maji ya kisima, sabuni haitoi povu hata usugue mpaka jioni. Nikachota ndoo moja ya mvua. Jamani, povu lile! Nikachota ya pili, ya tatu. Sare zilipokuwa kwenye kamba, pipani limebaki tope.

Nikaogopa. Nikalijaza maji ya kisima, nikafunika. Nikajiambia, maji si maji tu?

Baba alitumia maji yale miezi minne bila kujua.

Jumapili moja alimpakia rafiki yake, Mzee Masanja. Kila mara Baba aliangalia kile kioo kidogo kinachoonyesha maji ya boila. Kioo kikasema nusu. Kumbe vitundu vyake vilishazibwa na ukoko, na ndani boila ilikuwa imekauka! Lehemu ikayeyuka. Ukasikika mshindo, majivu ya moto yakaruka. Mzee Masanja akabingirika chini, Baba akaungua kifundo cha mkono. Namshukuru Mungu hakufa mtu.

Kesho yake Baba aliifungua ile boila. Akakwangua ndani kwa ukucha, akaonja kwa ulimi. Akaniita.

"Ukoko huu umetoka wapi?"

Nikajifanya naokota makaa.

"Yale maji ya pipa ni ya mvua?"

"Ni ya mvua, Baba."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akafuta ukucha kwenye suruali. Kisha mabega yakamshuka. "Basi ni mimi. Sikuisafisha vizuri. Uzee huo, mwanangu."

Mungu wangu! Fundi wa miaka yote ile, aliamini mdomo wangu kuliko ulimi wake mwenyewe!

Fundi wa kuchomelea wa mjini Shinyanga alisema shaba ya namna hiyo hajawahi kuigusa. Baba akagawa tupa na nyundo zake zote. Mzee Masanja akambembeleza, "Tengeneza nyingine, bwana."

"Kwa mikono hii? Iliyotaka kukuua?"

Nami nimesimama hapo hapo na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Sentensi moja tu ingemponya, sikuitoa.

Mwaka jana kiharusi kikamwangusha. Maneno yakaisha. Ndipo nami, mjinga mimi, nikapata ujasiri! Asubuhi moja namnywesha uji, nikaweka kikombe chini.

"Baba, yale maji ya mvua niliyafulia sare. Pipa nililijaza maji ya kisima. Hukukosea chochote, Baba. Kama umenisamehe, nibane mkono."

Hakubana. Sijui alikasirika, sijui hakunielewa, sijui nguvu zilimwishia. Alitazama ukutani tu. Nimerudia kumwambia siku nyingi sana, na kila siku nashika mkono ule nangoja. Hakuna kitu.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anajilaumu kwa kosa lako, inuka sasa hivi ukamwambie, angali na mdomo wa kukutukana. Akutukane! Akufukuze! Mimi hata tusi la Baba yangu leo ningelipokea kwa magoti.