Kilichobaki ni cha Mwikali

Kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa hivyo acha nilitaje mwenyewe kabla wengine hawajalitaja. Mimi ni Wagaki, mwenye saiba, kibanda cha kompyuta, pale Matuu, mkabala na duka la pembejeo. Kwa miaka kumi na miwili nimewachapia watu wa Yatta barua zao zote: za kuomba kazi, za kuomba bursari, za kuomba msamaha, hata za kuachana. Nilijiona bingwa. Kisha akaja Mwikali Nzomo kutaka barua za kumpeleka Kanada, nami nusura nimfungie njia kwa vidole vyangu hivi hivi.

Mwikali ni fundi wa mabwawa ya mchanga. Asiyetoka huku kwetu huenda hajui ni kitu gani. Mito yetu ni ya msimu. Mvua ikikatika, mto hubaki mchanga mtupu. Basi watu hujenga ukuta wa mawe na simiti kuukatiza mto, kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua ikirudi, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na maji hujificha ndani yake. Mwezi wa tisa, wakati ng'ombe wa kwingine wamebaki mbavu, wewe unafukua kwa mikono tu na maji haya hapa. Lakini ukuta usipokalia mwamba, maji hupita chini yake na kazi yote inaenda bure. Na mwamba hauonekani. Hapo ndipo anapotafutwa Mwikali.

Shule aliiacha darasa la saba, baba yake alipofariki. Ufundi aliupata kwenye mwethya, ile kazi ya pamoja ya Wakamba ambapo kikundi huitana, kila mtu akaja na sururu au karai lake, na kazi ya mwezi ikaisha kwa siku chache. Fundi wa siku hizo alikuwa Mzee Kilonzo, na kazi ya Mwikali ilikuwa kumpa mawe. Mzee akagundua kwamba jiwe analopewa na msichana huyu halihitaji kugeuzwa. Linaingia pale pale palipo na pengo. Siku moja alikataa kulipokea jiwe, akaificha mikono mgongoni, akamwambia, "Hiyo weka wewe mwenyewe." Mwikali akaliweka. Mgongo wa mzee ulipomshinda kabisa, alimwachia nyundo na kamba, na huu ni mwaka wa kumi na nane.

Ukuta wa kwanza aliousimamia peke yake ulikuwa wa kikundi cha Kyeni. Plasta ikiwa bado mbichi, alichukua msumari akaandika jina la kikundi, akaandika mwaka, na chini yake, kwa herufi ndogo ndogo, akaandika jina lake. Mwenyekiti wa Kyeni ni mama mmoja aitwaye Kanini, mfupi, mkali, ambaye hata chifu humpisha njiani. Akaja, akasoma.

"Futa," alisema. "Hii ni mwethya. Hapa hakuna mtu ako na jina yake."

Mwikali alifuta kwa mwiko mbele ya watu wote. Kufikia mwaka wa barua hizi alikuwa amejenga kuta thelathini na moja, huo ukiwemo, wala hakuna hata mmoja uliokuwa na jina lake. Wanakikundi hawalipwi, fundi hulipwa. Lakini kwa heshima ya jambo, hata fundi hasemi kwamba amejenga. Kikundi ndicho kilichojenga.

Nisije nikakufanya umwonee huruma. Huyu si mtu wa kuonewa huruma. Injinia mmoja kijana kutoka Nairobi aliwahi kupanda vigingi vyake pale ramani ilipomwambia. Mwikali alipiga chini kwa mtaimbo mara tatu, akasikiliza, akaving'oa vigingi na kwenda kuvipanda hatua kumi na nne kuelekea juu. Kijana alitabasamu ile tabasamu ya watu waliosoma. Wakachimba pande zote mbili. Kwa injinia walifika mita tatu bila kukuta kitu. Kwa Mwikali waligonga mwamba futi ya nne. Kijana alikuwa muungwana, alikubali kushindwa, na mpaka leo humpigia simu kumuuliza.

Habari ya Kanada ililetwa na Jeremy, mzungu mwenye kampuni ndogo ya kujenga kuta za mawe huko kwao. Alikuja na wageni wa kanisa kuangalia mabwawa, akapitisha kiganja ukutani, akauliza ni nani aliyeyapanga mawe haya. "Ni sisi," watu wakajibu. Akauliza tena. "Ni sisi." Mara ya nne macho ya wote yakageukia pembeni, ambako Mwikali alikuwa akiosha mwiko. Mwaka uliofuata barua ya kumpa kazi ikafika. Mumewe, Mwangangi, aliisoma mara mbili, akasema, "Enda. Mbuzi nitachunga, na watoto ni wakubwa." Mtihani wa Kiingereza Mwikali aliupita mara ya pili.

Mambo ya viza aliyashika Ann, wakili aliye na ofisi kule Syokimau. Nilimsindikiza Mwikali siku ya kwanza. Alikuwa amekalia ukingo wa kiti akingoja kuulizwa vyeti, nami najua aibu hiyo. Watu wengi huketi hivyo mbele ya meza yangu. Ann akamwambia, "Mama, diploma huna na hatuitafuti. Njia yako inapitia kwa kazi. Cheti chako ni mikono, lakini mikono siwezi kupiga fotokopi. Niletee barua za waliokuajiri: ulifanya nini wewe mwenyewe, na kwa muda gani." Mwikali aliegemea kiti kwa mara ya kwanza. Njiani tukirudi aliimba mpaka Thika.

Sasa sikia nilivyofanya. Kwenye kompyuta yangu nina barua moja ya sifa, nzuri sana, niliyoitunga mwenyewe. Imewasaidia walinzi, mayaya na makondakta. Inasema mwenye barua ni mwaminifu, mcha Mungu, mwenye bidii, asiye na fujo, na anayeelewana na majirani. Nilibadilisha majina tu, nikaongeza kwamba kikundi fulani kilijenga bwawa fulani naye akishiriki kikamilifu. Vikundi saba, barua saba. Wenyeviti wakapiga mihuri kwa furaha, Kanini akiwa wa kwanza.

Ann alinipigia simu. "Wagaki, hizi barua ni za kazi ama za posa?"

"Ziko na shida gani?"

"Zinasema ako na tabia mzuri na kikundi ilijenga. Kama kikundi ndio ilijenga, huyu mama alikuwa anafanya nini hapo? Nikituma hizi, amekataliwa. Na tuko na wiki tatu tu, zikipita hiyo kazi inapewa mtu mwingine."

Nilimwita Mwikali saiba siku hiyo hiyo. "Mama Wambua," nikamwambia, maana ndilo jina la kifungua mimba wake, "niambie kazi yako, niandike upya."

"Tunachimba, tunapata mwamba, tunajenga."

"Wewe. Wewe unafanya nini?"

Akafikiri. "Mimi nakuwanga hapo."

Nilipandwa na hasira, sikufichi. Nilimwambia watu wanaojua nusu ya kazi yake wanatembea na vyeti vya kufungia nyama, naye mwenye kujua yote anasema alikuwa hapo! Hakukasirika. Alisubiri nimalize, akasema polepole, akiniita nami kwa jina la mwanangu, "Mama Wamucii, hao watu wamebeba mawe na mgongo. Wengine walibeba wakiwa na mimba. Niende niwaambie waandike ni mimi nilijenga? Hapana. Afadhali hiyo Kanada ikae." Akachukua kibeti chake akaenda.

Sikuliacha jambo hilo. Kesho yake nilipanda bodaboda na laptopu yangu mpaka mtoni, ambako Kyeni walikuwa wameanza ukuta wao wa pili. Watu kama arobaini walikuwa kazini. Mwikali alikuwa juu ya ukuta. Aliponiona alinitolea jicho la onyo, nami nikalipita nikaenda moja kwa moja kwa Kanini, ambaye sasa ni mzee na anatembelea fimbo, lakini ukali wake haujapungua hata chembe.

"Barua si nilipiga mhuri?" alisema.

"Ulipiga, mwaitu," nilimjibu, yaani mama kwa Kikamba. " Lakini niliandika vibaya. Wanataka kujua ni nani alifanya nini."

"Unataka tuseme hii maji ni ya mtu mmoja?"

"La. Nataka mseme ukweli, basi. Msiposema, haendi."

Kanini alichora mchanga kwa fimbo. Kisha akapiga kelele kazi isimame, watu waketi juu ya mawe. "Kila mtu aseme kazi yenye yeye hufanya hapa," akaamuru. "Asijisifu, na asiseme ya mwingine. Huyu wa kompyuta aandike."

Niliweka laptopu juu ya wilibaro iliyopinduliwa. Akaanza Ndunda, jamaa mwenye mabega mapana: "Mimi ni kuchimba msingi. Jiwe sijawahi kupanga hata moja." Akafuata mama mmoja: "Mimi ni maji ya kukoroga." Mwingine, "Mawe, kutoka kule mlimani." Mwingine, "Mchanga." Mwingine, "Mimi napika, na siku ya kwanza niliunguza githeri, andika pia hiyo." Watu wakacheka. Walizunguka wote arobaini mpaka wakaisha. Kanini mwenyewe alisema, "Mimi ni kuita watu na kugombana nao."

"Sasa," akaniambia, "soma kazi ya bwawa yenye haijasemwa na mtu."

Ripoti za vikundi hivi huchapwa kwangu, kwa hivyo kazi za bwawa nazijua zote. Nikasoma zilizobaki. Kuchagua mahali pa ukuta. Kusikiliza mwamba. Kupiga kamba. Kupima mabawa ya ukuta yanavyoingia kwenye ukingo ili mto usije ukazunguka. Kupanga mawe. Kupima simiti na mchanga. Kusema lini ukuta umekauka vya kutosha.

"Nani anachukua hiyo?" Kanini aliuliza.

Hakuna aliyeinua mkono. Ng'ombe alilia upande wa pili wa mto. Mwikali alikuwa ameinama, anakwangua mwiko uliokuwa safi tayari.

"Andika," Kanini akasema. "Yenye imebaki ni ya Mwikali. Ya ukuta ya kwanza, na hii, na zile zingine zote, kwa sababu hata huko kwa wengine yenye inabaki ni hiyo hiyo."

Nikaandika. Nilidhani amemaliza.

"Ongeza. Wakiuliza kwa nini jina yake haiko kwa ukuta, waambie aliandika. Ni mimi Kanini nilimwambia afute, na akafuta. Hiyo makosa ni yangu. Wasimhesabie yeye."

Nililia, wala sioni haya kulisema. Nililia juu ya kibodi mpaka Ndunda akaniuliza kama mashine haitaharibika. Juu ya ukuta, Mwikali alikuwa ametupa mgongo, na hakugeuka mpaka Kanini alipowaamuru watu warudi kazini.

Vikundi vingine sita vilifuata njia hiyo hiyo, kila kimoja kikiketi juu ya mawe yake. Nikazitia barua zote Kiingereza bila kupunguza neno, hata githeri iliyoungua niliiacha. Ann alisoma ile ya Kyeni akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. "Hii sasa ni barua," alisema, na hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi niliyowahi kupata katika kazi yangu, ingawa kusema kweli maneno hayakuwa yangu. Ile barua yangu nzuri ya sifa niliifuta kwenye kompyuta jioni hiyo.

Viza ilitoka mwezi wa saba. Mwikali alikuja saiba kunionyesha pasipoti. Tulirukaruka kama wasichana mpaka wateja wakatoka nje. Kwenye karatasi za maombi, mahali pa kazi, imeandikwa fundi wa mawe, na mahali pa elimu ya juu pana mstari mtupu. Alinionyesha mstari huo kwa kidole bila aibu yoyote.

Lakini alikataa kukata tiketi. Ukuta wa pili wa Kyeni ulikuwa umesimamishwa na mvua za masika na ulibaki nusu, naye alisema haachi ukuta nusu kwa ajili ya ndege. Jeremy akaambiwa angoje, akangoja. Nilikuwepo siku ya mwisho. Plasta ilikuwa mbichi. Mwikali alichukua msumari akaandika KYENI, akaandika mwaka, kama alivyofanya mara thelathini na moja. Akapangusa msumari kwa leso akataka kuuweka chini.

"Hujamaliza," Kanini alisema.

Mwikali alimtazama. Akainama tena, akaandika. MWIKALI NZOMO, FUNDI. Herufi zilipanda mlima zikashuka, na ile F nusura iilalie U. Mtu aliyejenga kuta thelathini na mbili bila hata mmoja kupinda! Aliliona kosa mwenyewe, akachukua mwiko haraka kutaka kulainisha aandike upya.

Kanini alimzuia kwa fimbo. Akaisogelea ile plasta, akazisoma herufi kwa kidole, moja moja, bila kuzigusa.

"Usifute," alisema. "Wacha ikauke."