Zubeda na mashini iliyozimika siku ya kuondoa kilio

Umenisumbua ya kutosha. Kila ukipita hapa, "Bibi, andika ile ya Zubeda," kama vile mi sina mchele wa kuchambua. Haya, kaa kimya usome.

Zubeda anachapishia watu barua pale Jabe, nyuma ya soko. Ana meza, printa, na ordinateri, yaani kompyuta, moja nene ya zamani. Ukuta kwa ukuta na yeye yuko Gélase, kinyozi. Muziki wa Gélase Zubeda anauchukia kuliko jino bovu.

Jumamosi ile alikuwa anamalizia hotuba ya Dorothée, mwalimu wa Mutakura. Mwaka ulitimia tangu mama yake afe, na mchana ule familia ilikuwa inaondoa kilio, kumaliza matanga. Dorothée, mutoto wa kwanza, ndiye wa kusimama mbele ya wageni. Maneno aliyasema kwa mdomo, Zubeda akayaandika, wote wawili wakipangusa macho.

Tap! Kioo kikawa cheusi.

"Wamekata umeme tena, hawana haya!" Zubeda akakunja mikono, akangoja. Kwetu umeme ukienda mutu hatafuti sababu. Na balbu yake iliungua zamani, hakununua nyingine.

"Mama Zubeda, mbona muziki wa jirani unalia?"

"Gélase ana batri."

"Na yule anayesaga karanga?"

"Naye ana batri! We ni mwalimu ao polisi?"

Wakangoja mpaka simu ya Dorothée ikaanza kulia, wajomba wanauliza yuko wapi. Zubeda akatoka kwa hasira kwenda kutukana muziki.

"Batri gani, mama?" Gélase akashangaa. "Umeme uko tangu asubuhi."

Akaitwa Massoudi, fundi. Akafungua mashini, akanusa. "Alimantasio imeungua, hiki kisanduku kinacholeta umeme ndani. Maneno yenu yamo, hayakuguswa. Lakini ya umri huu kuipata dukani ni kazi ya siku nyingi." Kisha akatazama ukuta. Muziki wa Gélase ulikuwa unatoka katika ordinateri ndugu ya hii.

"Apana," Zubeda akasema. "Afadhali nimeze nyembe."

Dorothée akatazama saa kwenye simu. Alikuwa amekwisha kuvaa imvutano, shuka yake ya sherehe, akawa anaikunja pembe, anaikunjua. Zubeda akamwona, akasimama, akaingia kwa Gélase.

"Si ulisema muziki wangu ni kelele za mashetani?" Gélase akauliza, wembe mkononi. "Sema kwanza ni mzuri."

Zubeda akatazama dari. "Ule wa asubuhi... si mbaya sana."

"Upi wa asubuhi?"

"Gélase! Mutoto wa watu anamuaga mama yake! Toa!"

Gélase akacheka, akauzima mwenyewe. Massoudi akahamisha kisanduku, mashini ikanguruma. Dorothée akanyakua karatasi zikiwa moto, akapanda pikipiki. Alikuta mjomba amekwisha kusimama aseme badala yake. Akamkalisha, akasoma yote. Alhamdulillahi.

Lakini kisanduku bado kiko kwa Zubeda, kingine hakijapatikana. Gélase ananyoa kimya, na kila mteja anayeingia anauliza nani amekufa. Zubeda anajifanya hasikii.

Na we uliyenisumbua: ordinateri ya marehemu baba yako, ndugu ya zile mbili, iko chini ya kitanda chenu, nimeiona, mnawekea sabuni juu. Ondoa hiyo sabuni. Umupelekee Gélase leo, mbele sijakuja kuichukua mwenyewe.