Kaburi Lililoigawa Barabara ya Gatini

Ashukuriwe Mungu aliyenifikisha uzee huu, na kuilinda miguu iliyotembea nyuma ya mnyororo wa wapima barabara miaka yote ile. Naandika kwa ajili ya vijana wanaoniuliza kwa nini barabara ya kwenda gatini, pale Homa Bay, inagawanyika mara mbili ghafla, kisha inaungana tena.

Nilianza kazi Migori, muda mfupi baada ya Uhuru. Asubuhi ya kwanza Bwana Mpimaji, mtu wa maneno machache, alinipa ncha ya mnyororo wa kupimia, ule wa pingili za chuma, akasema, "Vuta. Ukilegeza, barabara inapinda." Nikavuta.

Baadaye tulihamishiwa Homa Bay kuchora barabara mpya kutoka sokoni hadi gatini. Ilitakiwa inyooke kabisa. Tulipigilia vigingi kuonyesha mstari, na kimoja kikaangukia katika boma la mjane aliyeitwa Min Achieng', yaani mama yake Achieng'. Nyumba alikubali kuihamisha. Kaburi la mumewe alikataa lisiguswe.

"Tutahamisha mifupa kwa heshima," alisema Bwana Mpimaji. "Akirudi atakuta yamekwisha." Mjane alikuwa sokoni akiuza omena, dagaa wa ziwani. Vibarua wakaanza kuchimba.

Nilisimama na sanduku jipya la mbao, tayari kupokea mifupa. Okelo, nyapara wetu, aliinama akafunua nguo iliyooza. Hapakuwa na mfupa hata mmoja. Palikuwa na tunda la mti wa yago, ambao kwa Kiswahili ni mwegea, refu, limekauka, nene kama mkono wa mtu.

Mimi ni Mkuria. Maana ya tunda hilo sikuijua. Nilifanya ishara ya msalaba nikidhani tumefukua uchawi. Lakini vibarua Wajaluo waliweka sepetu chini, wakavua kofia.

Bwana Mpimaji alicheka kwa hasira. "Tumefanywa wajinga! Huyu mama amezika mboga!"

"Bwana, tumefukua mtu," alisema Okelo.

"Nyapara, hili ni tunda!"

"Ndiyo, bwana. Mwili wake kaliulize ziwa."

Mtu alikuwa amekimbia kumwita mjane. Alifika na beseni la omena kichwani. Nilimfahamu: ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani kwetu kila Jumapili. Sikuwa nimejua kuwa ndiye mjane mwenyewe. Hakupiga yowe. Alitua beseni, akafungua leso kiunoni, akalifunika lile tunda kama anayemfunika aliyelala.

"Ziwa lilimchukua akitoka kisiwa cha Mfangano," alisema. "Mwili haukupatikana. Wazee walikwenda ufukweni, wakamwita kwa jina, wakamleta nyumbani ndani ya hili. Aliitwa mara moja, akaja. Sasa mmemtoa. Nani atamwita tena, mwanangu?"

Bwana Mpimaji aliketi juu ya udongo, bila kujali suruali yake safi.

"Kaka yangu alikwenda vita vya Burma, hakurudi," alisema, bila kumtazama mtu. "Mama yangu hana hata tunda."

Kisha akateremka shimoni mwenyewe, akalilaza tunda kwa mikono miwili, ndani ya leso. Min Achieng' akaomba, sote tukaitikia Amina. Udongo uliporudi, Bwana Mpimaji alinigeukia.

"Legeza mnyororo," akasema.

Nililegeza, na barabara ikapita pande mbili za kaburi. Mhandisi mkuu alipokuja kukagua, aliuliza ni mlevi gani aliyeichora. "Ni mimi, bwana," alijibu Bwana Mpimaji.

Nimestaafu sasa. Barabara nyingi nilizozinyoosha hakuna anayeniuliza habari zake. Hiyo moja bado inanishtua nikipita, nami husimama na kumshukuru Mungu aliyetupindisha kwa wakati.

Wewe unayesoma, Mungu akurudishie salama wote walio safarini. Na kama yupo wako ambaye hakurudi, Bwana anayejua alipolala akupe mahali pa kumlilia, na amani ya kuondoka nayo hapo. Amina.