Rim za alloy, moto wa tanuri, na mkono wa mama yangu njia ya Ipole

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri kama mpo humu, na wadogo marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Nimeona kijana anauliza kama kupiga rim za alloy powder coating, ile rangi ya unga inayookwa kwa moto, ni salama au ni kujitafutia kifo. Mmemjibu kwa Kiingereza kirefu. Mimi Kiingereza sina, shule niliishia darasa la nne, na hapa naandika kwa kidole kimoja. Lakini jambo hili lilinikuta mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana aliyeumia ni mama yangu mzazi.

Nilikuwa fundi rangi Tabora mjini, Ng'ambo. Rangi za baiskeli. Ni miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, gari la mtu binafsi likipita watoto wanalikimbilia. Rangi shida, spea shida, sabuni shida. Kila fundi alikuwa na akili yake ya kujiokoa.

Ya kwangu ilikuwa hii. Nachukua rangi ya mafuta, nayeyushia nta ya nyuki ndani yake, napaka ringi ya baiskeli, halafu naiingiza kwenye tanuri la mikate la Mzee Hamdani wakati moto unapoa. Ikitoka hapo inang'aa, na mvua inateleza juu yake kama kwenye mgongo wa bata. Watu walikuwa wanatoka Kigwa na treni, ringi mkononi, wananitafuta mimi.

(Mikate ya Mzee Hamdani siku hizo ilinuka rangi. Watu walikula. Aliyelalamika aliambiwa akaoke wa kwake.)

Sasa dada yangu Tatu alikuwa ameolewa Ipole na bwana mmoja, Maganga, mkulima wa tumbaku. Maganga alikuwa na Pijo aliyoachiwa na mzungu wa mashamba aliyekuwa anarudi kwao. Ile Pijo ilikuwa na ringi za aluminiamu, ndizo hizi mnaziita alloy. Tabora nzima sikuwahi kuona nyingine. Ila zilikuwa zimepauka, zina mabaka kama kichwa chenye mba.

Tatu akajifungua mtoto wa kwanza, baada ya miaka saba ya kungoja na kusemwa. Maganga akaja mjini kumchukua mama akamlee mzazi. Akaniambia:

"Shemeji, mama mkwe hawezi kupanda gari lenye miguu ya ukoma. Nipigie rangi."

"Niachie mpaka kesho jioni," nikamwambia. "Utanyolea ndevu humo."

Nikapaka ringi nne, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mbele, nyuma, mpaka ndani ya matundu ya nati. Nilijiona bingwa, kazi nusunusu si yangu. Kwa kuwa ni za gari, nikasema moto wa baiskeli hautoshi. Nikamwambia Mzee Hamdani aongeze kuni.

Akaniuliza, "We, hicho ni chuma au sufuria?"

Nikamjibu, "Mzee, wewe shughulika na unga."

Zikakaa mle tangu adhuhuri mpaka alasiri. Zilitoka nzuri wakuu! Kijani kibichi, maana rangi yenyewe ilikuwa ile iliyobaki baada ya kupaka ofisi ya kijiji. Maganga alizizunguka akicheka peke yake.

Asubuhi tukaondoka watu watatu. Maganga kwenye usukani, mimi pembeni yake, mama nyuma na kuku wake wa supu ya mzazi.

Hapa nisimame kidogo, vijana wa leo hamjui. Kwetu wakati huo, mtu na mama mkwe wake hawasemezani ovyo. Hamtazami usoni, na maneno yanapitia kwa mtu wa katikati. Mtu wa katikati nilikuwa mimi. Hata ukisikia alichosema mkweo, adabu ni kujifanya hujasikia mpaka uambiwe. Na kwenye ile barabara ya matuta, vioo chini na kuku analia, kusikia kwenyewe kulikuwa kwa shida.

Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani na kurudi, na hakuna nati iliyomlegea. Basi, tuendelee.

Tulipofika Sikonge tukasimama tupoze injini. Nikachukua spana nikaringe. Nikajaribu nati ya gurudumu la nyuma, upande aliokaa mama.

Ikazunguka. Karibu mzunguko mzima, laini, kama kifuniko cha chupa.

Na nyingine pia.

Nilijua hapo hapo kwamba kazi yangu ina kasoro. Nikazikaza zote kwa nguvu, nikainuka.

"Vipi fundi?" Maganga akauliza.

"Ziko safi."

Mama akachungulia dirishani. "Mbona umeinama muda mrefu, baba?"

"Nilikuwa natoa matope tu, mama."

Ilikuwa kiangazi. Matope gani?

Tukaenda. Baada ya muda mama akanigusa bega. "Mwambie mwenzio, huku chini yangu kuna mtu anatwanga."

Na mimi, mtoto wake wa kumzaa, nikamgeukia Maganga nikasema, "Mama anasema mwendo ni mzuri."

Maganga akafurahi kusifiwa na mkwewe. Akaongeza mwendo.

"Umemwambia?" mama akauliza.

"Nimemwambia."

"Basi hasikii huyu."

Hakumaliza vizuri. Gari likaanguka upande mmoja kwa kishindo, likalima barabara, likaingia porini na kukita kwenye kichuguu. Vumbi likatulia. Niliona gurudumu la kijani linaendelea na safari peke yake katikati ya miti, limenyooka kabisa, kama lina miadi.

Kisha nikasikia mama anasema taratibu, "Mkono wangu."

Kifundo kilikuwa kimekwenda kusiko.

Tuliokolewa na fundi wa trekta wa kijiji cha jirani. Kwanza alimfunga mama mkono kwa vijiti na khanga, ndipo akaliendea gurudumu. Akakwangua tundu la nati kwa msumari. Rangi ikatoka kama samli.

"Nta!" akapiga kelele. "Nani kaweka nta chini ya nati? Breki ikipata moto hii inalainika, nati inakaza hewa!"

Hakuishia hapo. Akachukua nyundo akaligonga lile ringi ukingoni. Likabonyea. Akagonga ringi la akiba, ambalo sikulipaka wala kulioka, nyundo ikaruka.

"Hii siyo chuma," akasema. "Chuma kikipata moto wa ovyo kinavumilia. Hii ukiizidishia inasahau ugumu wake. Nyie mmepika sufuria."

Maganga akanitazama. Afadhali angenitukana.

Tulifika Ipole kwenye tela la trekta. Tatu akatoka na mtoto. Mama akanyoosha mkono mmoja, akaurudisha. Miaka saba ya kumngoja mjukuu, na siku hiyo mtoto alilazwa mapajani pake watu wengine wakiwa wamemshikilia. Mkono ule uliunga umepinda, na ulibaki hivyo mpaka anaingia kaburini.

Maganga nilimwambia ukweli wiki ile ile. Mama ilinichukua miaka. Siku moja amezeeka, namsaidia kupepeta mchele maana mwenyewe hawezi, nikamwambia yote, nati za Sikonge na ujumbe nilioupindua.

Akaendelea kuchagua mawe. Akasema, "Nilijua. Toka mdogo, ukidanganya unajifuta mikono kwenye suruali. Pale Sikonge ulijifuta mpaka nikaona aibu mimi. Nilikuwa nangoja uniambie."

Basi kijana uliyeuliza, jibu langu ndilo hili. Sisemi powder coating ni mbaya, siku hizi kuna oven zenye vipimo. Ila muulize fundi wako moto wake ni kiasi gani na rim zinakaa humo muda gani. Akikwambia "wewe niachie tu", chukua rim zako uondoke. Matundu ya nati na mgongo wa rim unaokaa kwenye gari visipakwe kabisa. Rim yenye ufa usiifiche kwa rangi. Ukishafunga, tembea kidogo, simama, kaza tena. Na nati ikizunguka usikae kimya, hata kama kazi ni yako.

Mafundi wa kweli mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea. Mwenye matusi naye alete, nayastahili. Mikono yangu iko hapa juu ya meza, sijaifuta.